Uzi: "Sisi tulimpenda, lakini Mungu amempenda zaidi." Kauli hii inamfariji nani msibani?

#1 Kiusa_Mjini (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni. Tumetoka kuzika Uru, hapa Moshi, mtoto wa dada yangu, mvulana wa darasa la pili. Homa ya uti wa mgongo, imekuja ghafla na imeondoka naye. Tangu hospitalini mpaka kihambani (shamba la nyumbani, tunakozika) kauli niliyoisikia kuliko zote ni hiyo hapo juu. MC kaisema, mwakilishi wa shule kaisema, kwenye shada ipo, kwenye fulana za wajomba ipo.

Dada ni mwanakwaya tangu binti. Jana ameniuliza, "Kama kupenda kwake ndiko huku, huyo Mungu nimwombe nini tena?" Nilikosa la kusema. Kwa hiyo nauliza wenye imani humu, watumishi na waumini wa kawaida: huruma ya Mungu kwa mfiwa iko wapi hasa? Naomba tusitupiane vijembe vya madhehebu.

#2 Mtori_wa_Moto
Pole sana mkuu, poleni familia. Nafuatilia.

#3 Mzee_wa_Mtaa
Poleni. Mimi ni mzee wa kanisa, nimesimama kwenye makaburi mengi kuanzia Old Moshi hadi Himo. Msimamo wa Biblia uko wazi, Ayubu 1:21: "BWANA alitoa, na BWANA ametwaa, jina la BWANA libarikiwe." Hakuna kinachotokea nje ya mamlaka yake. Mwambie dada kwamba mtoto hakupotea, aliyemleta ndiye aliyempokea. Uchungu upo, ila ukishajua kwamba maisha ya mwanao hayakuachwa yaende ovyo, unapata pa kukanyaga.

#4 binti_machame
Shikamoo mzee #3. Andiko ni sahihi, lakini tuangalie nani alilisema. Ni Ayubu mwenyewe, mfiwa, kwa kinywa chake, kuhusu watoto wake. Hakuambiwa na MC. Waliokuja kumweleza sababu ni rafiki zake, na mwisho wa kitabu, sura ya 42 mstari wa 7, Mungu anawakasirikia hao hao kwamba hawakunena yaliyo sawa juu yake kama Ayubu alivyonena. Na Ayubu kati ya sura ya 3 na 31 alinena makali. Alilaani siku aliyozaliwa.

Jambo jema walilofanya lipo 2:13. Waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno. Wangeondoka siku ya saba jioni tungewasifu mpaka leo.

#5 Ngaramtoni_Juu
Isaya 57:1 inasema mwenye haki huondolewa ili asipatikane na mabaya. Huenda Mungu aliona kitu mbele ya safari ya huyo mtoto ambacho sisi hatukioni. Hiyo nayo ni huruma. Kuna mama jirani yetu huku amelishika neno hilo tangu azike bintiye, na limemsimamisha. Tusiseme kwa ujumla kwamba maneno haya hayafariji.

#6 Fundi_Kijenge
#5 mkuu, kwa kipimo hicho sisi tuliobaki ndio tuliohukumiwa kukutana na mabaya? Nauliza kwa heshima. Mimi nilizika mdogo wangu, na watu waliponiambia hivyo niliwaza kila mzee wa miaka tisini ninayemjua: huyo Mungu hakumwona?

#7 Nesi_wa_Zamu
Niseme ninachokijua kwa sababu nimefanya kazi wodi ya wazazi muda mrefu, hapa mkoani.

Mama akijifungua mtoto asiye hai, au mtoto akifa saa chache baada ya kuzaliwa, baada ya siku mbili tatu maziwa yanakuja. Mwili haujui kwamba mtoto hayupo. Kifua kinajaa, kinauma, khanga inalowa, na pembeni yake kitanda kingine kina mtoto analia njaa. Wageni wanakuja na maneno: Mungu ana makusudi, utapata mwingine, Mungu kampenda zaidi. Mama anaitikia "amina" huku ameshikilia khanga kifuani ili wasione.

Mara moja alikuja bibi mmoja wa Kibosho, mama mkwe wa mgonjwa. Hakuhubiri. Alifunga pazia, akatoa majani ya kabeji kwenye mfuko, ya baridi, ameyatoa shambani asubuhi. Akampangia kifuani, akamfunga khanga juu yake vizuri, akakaa kwenye kiti. Mkwewe akalia kwa sauti. Wodi nzima ilimsikia, na hakuna aliyemnyamazisha. Mimi naamini Mungu alikuwa pale kitandani, na naamini hivyo kuliko ninavyoamini mahubiri mengi ya mazishi niliyowahi kusikia. 2 Wakorintho 1:3-4 inamwita "Baba wa rehema, Mungu wa faraja yote", kisha inasema anatufariji ili nasi tuwafariji wengine. Mimi nasoma kwamba faraja yake inapitia mikononi mwa watu.

#8 Mtori_wa_Moto
#7 Mungu akubariki. Nimesoma nikiwa kwenye hiace ya Majengo, nimebidi nitazame dirishani.

#9 Kibosho_Road
Mimi sina ubishi na #7, ila swali la dada wa mleta mada ni zito kuliko hapo. Watu wote hukimbilia Yohana 11, "Yesu akalia machozi". Rudini nyuma mstari wa 6. Alipopata habari kwamba Lazaro ni mgonjwa, alikaa palepale siku mbili zaidi. SIKU MBILI. Ndiyo maana Martha na Mariamu kila mmoja kwa wakati wake anamwambia neno lile lile: Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa. Wafiwa wote wanasema hivyo. Machozi yake nayaamini. Nataka anielezee mtu hizo siku mbili.

#10 Mwalimu_Sakina
#9, hesabu inasaidia kidogo. Yesu alipofika Bethania, Lazaro alikuwa kaburini siku nne (mstari wa 17). Yesu alikuwa ng'ambo ya Yordani, mwendo wa kama siku moja. Mjumbe siku moja, kukaa siku mbili, kurudi siku moja, jumla nne. Na kwao maiti ilizikwa siku ile ile. Maana yake Lazaro huenda alikata roho mjumbe akiwa bado njiani. Hata Yesu angeondoka dakika ile, angekuta matanga. Kukawia hakukumuua Lazaro.

Na mstari wa 33, kabla ya machozi, unasema aliugua rohoni, akafadhaika. Wafafanuzi wengi wanaona ndani ya neno hilo kuna hasira pia. Kwa hiyo mbele ya kaburi la rafiki Mungu katika mwili alilia na kukasirika, akijua kabisa kwamba dakika chache mbele atamfufua. Angeweza kuwaambia wanyamaze, subirini muone. Alilia nao kwanza. Kwangu hilo ndilo jibu la dada: kifo cha mwanawe hakikumfurahisha Mungu.

#11 Kibosho_Road
Hesabu nzuri mwalimu, ila sura ya 4 ya Yohana hiyo hiyo, Yesu akiwa Kana alimponya mwana wa diwani aliyekuwa Kapernaumu. Kwa neno tu. Hakuhitaji kusafiri. Wale Wayahudi wa mstari wa 37 waliuliza swali hili hili: aliyemfumbua kipofu macho, hakuweza kumfanya na huyu asife? Na Biblia haijawajibu.

#12 Mama_Wawili_Pasua
Nami niongeze. Lazaro alifufuliwa. Mume wangu hakufufuliwa. Kila mhubiri akifika Yohana 11 anakimbilia "Lazaro, njoo huku nje", na mimi nimekaa na nguo nyeusi nikijua langu jiwe limefungwa na saruji. Natamani siku moja mtu ahubiri aishie mstari wa 35, pale Yesu anapolia.

#13 Mtumishi_wa_Njoro
Bwana asifiwe. Wapendwa, tusimsingizie Mungu. Yohana 10:10, mwivi ndiye aibaye na kuchinja na kuharibu. Kifo cha mtoto ni kazi ya adui. Familia nyingi hapa mkoani zina madhabahu za ukoo hazijavunjwa, na imani ikipungua nyumbani mlango unafunguka. Dada aingie kwenye maombi ya mfungo, jambo lisijirudie.

#14 binti_machame
#13 mtumishi, hapana. Nakubali kifo ni adui, Paulo anasema hivyo hivyo 1 Wakorintho 15:26. Ila kumwambia mama aliyetoka kuzika kwamba mlango ulifunguka kwa sababu imani yake ilipungua, huko ni kumzika na yeye.

Soma Luka 7, mjane wa Naini. Jeneza liko njiani, mwana pekee. Nani aliomba? Hakuna. Nani alionyesha imani? Hajatajwa. Haijaandikwa hata kama yule mama alijua Yesu ni nani. Imeandikwa tu kwamba Bwana alipomwona alimwonea huruma. Huruma ilitangulia kila kitu, haikuulizia mfungo wala ukoo.

#15 Fundi_Kijenge
Na kwa sisi tulio karibu na Moshi, tukumbuke Februari 1, 2020, uwanja wa Majengo. Watu 20 walikufa wakikanyagana kwenda kukanyaga mafuta ya upako. Hao walikuwa na imani tele. Tusipime imani ya watu kwa misiba yao.

#16 Mtumishi_wa_Njoro
Sijasema ana dhambi. Nimesema aombe. Kuomba si kosa.

#17 Mangi_wa_Rombo
Niwatoe kidogo kwenye majonzi. #1, hapo Uru daftari la rambirambi limeshafungwa au bado? Maana sisi wengine tuko Dar, tusije tukasomwa Desemba tukienda Krismasi.

#18 Mtori_wa_Moto
#17 mangi, hata kwenye uzi wa huruma ya Mungu umeulizia daftari 😄

#19 Mangi_wa_Rombo
#18 kwani ile pesa ndiyo nini kama si huruma? Turubai, viti, sufuria, ng'ombe, nani analipa? Mfiwa akiamka kesho yake akakuta hana deni, ameonewa huruma huyo. Kwetu kijiji kizima kinalala pale. Wanaume wanachimba, wanawake wanapika, vijana wanachota maji. Mfiwa hashiki hata kijiko. Mzee wangu alikuwa akisema Warumi 12:15, lieni pamoja nao waliao, inaanzia kwenye kupasua kuni.

Tatizo langu mimi ni siku turubai linapong'olewa. Ndoo zinarudishwa kwa wenyewe, magari yanashuka mlimani, na yule mama anabaki na sebule yake. Wiki ya tatu hakuna anayepiga simu. Kanisa lingekuwa na zamu ya wiki ya tatu, na ya mwezi wa sita.

#20 Nesi_wa_Zamu
#19 hapo umegusa penyewe. Wengi wanaporomoka baada ya watu kuondoka. Mleta mada, dada analala? Anakula? Akianza kukaa siku nzima bila kula au kusema anatamani kumfuata mtoto, mpeleke hospitali, usisubiri. Kwenda kwa daktari hakupunguzi imani yake.

#21 Katekista_Kijana
Kwa upande wetu Wakatoliki, tunaendelea kumtaja marehemu kwenye misa, na Novemba 2 tunawaombea wote. Mfiwa anapata kitu cha kufanya kwa ajili ya mpendwa wake. Upendo haufungiwi kaburini. Mtoto mdogo aliyebatizwa tunamkabidhi kwa matumaini makubwa zaidi.

Kuhusu kulia, mtakatifu Augustino alipofiwa na mama yake Monika kule Ostia mwaka 387, alijizuia machozi mazishi yote akiona ni aibu kwa mwamini. Baadaye, peke yake, akayaachia mbele za Mungu. Mtu mwenye akili kama ile alishindwa, sembuse sisi.

#22 Mzee_wa_Mtaa
Sisi Walutheri hatuwaombei marehemu, ila kwenye machozi tuko pamoja. Martin Luther alimzika binti yake Magdalena Septemba 1542, miaka 13, alimfia mikononi. Alimwandikia rafiki yake Justus Jonas kwamba yeye na mkewe walipaswa kushukuru tu, maana binti ameepuka mabaya ya dunia (#5 hilo ni lako), lakini hawakuweza bila kulia na kuugua, na kwamba hata kifo cha Kristo hakikuiondoa huzuni yao yote kama ilivyopasa. Huyo ni Luther! Kwa hiyo wale wazee wenzangu wanaowaambia wafiwa "mwamini halii" wajue hawakulipata kwake. 1 Wathesalonike 4:13 inakataza kuhuzunika kama wasio na matumaini. Haikatazi kuhuzunika.

#23 Kwa_Mrombo_A
Niko Arusha. Mnaokumbuka Mei 6, 2017, ajali ya basi la shule pale Rhotia, Karatu? Wanafunzi 35 walikufa, watoto wa darasa la saba, wanakwenda kufanya mtihani wa majaribio. Mtaa wetu ulibeba mzigo mkubwa. Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Jumatatu ile ya kuaga, majeneza yamepangwa kwenye nyasi, shehe na mapadri na wachungaji wamesimama pamoja. Ninachokumbuka ni mwanamke mmoja karibu nami aliyekuwa akiita jina moja tu, bila kulia, kama anavyoita mtoto aje kula. Tangu siku ile nikisikia mtu anaeleza kwa nini Mungu ameruhusu, naondoka.

#24 Mwalimu_Sakina
Pole #23. Rekebisho dogo kwa heshima ya marehemu: 35 ni jumla. Wanafunzi walikuwa 32, walimu wawili, na dereva. Watoto watatu walinusurika, wakapelekwa kutibiwa Sioux City, Iowa, Marekani, na walirudi nyumbani.

#25 Kwa_Mrombo_A
Sawa mwalimu, asante.

#26 Kibosho_Road
Na hao watatu ndio swali tena. Wazazi wa watatu walisema Mungu ni mwema, wakasema kweli. Wazazi wa 32 waseme nini, na wao wakiwa waumini wa kanisa hilo hilo?

#27 Katekista_Kijana
Tusisahau kuna swali la ndani zaidi: Mungu mwenyewe anaumia? Mababa wa Kanisa walifundisha kwamba katika uungu wake hapatwi na mateso. Mtaguso wa Kalkedoni, mwaka 451, unakiri Kristo mmoja katika asili mbili, Mungu kweli na mtu kweli. Hivyo aliyelia Bethania ni Mwana wa Mungu mwenyewe, ila alilia katika ubinadamu wake. Hilo ni faraja: Mungu asiyezidiwa na huzuni ndiye anayeweza kuiponya. Wote wawili mkizama mtoni, nani atamvuta mwenzake?

#28 binti_machame
#27 naelewa, lakini Isaya 63:9 inasema katika mateso yao yote yeye aliteswa. Mwanzo 6:6 inasema alihuzunika moyo. Hosea 11:8 anasema moyo wake umegeuka ndani yake. Mkinieleza kwamba ni lugha ya mfano tu, nitauliza mfano wa nini. Na msalabani Baba alikuwa anaangalia Mwanawe anakufa. Mzazi anayezika ana Mungu anayejua kifo cha mwana. Mimi hapo ndipo ninaposimama.

#29 Mama_Wawili_Pasua
Ninyi wawili endeleeni, ila mimi mstari ulionibeba ni mfupi: Maombolezo 3:33, "moyo wake hapendi kuwatesa wanadamu, wala kuwahuzunisha." Niliuandika kwa kalamu ukutani jikoni, nyuma ya mlango. Sikuelezwa sababu ya mume wangu kufa na bado sijaijua. Na Ufunuo 21:4 inasema atafuta kila chozi. Kumbe tunaruhusiwa kufika kule bado tunalia.

#30 Kiusa_Mjini (mleta mada)
Wakuu asanteni. #17 daftari bado liko wazi, nimekutumia namba pembeni. #20 anakula kidogo, usingizi ndio shida, tunalala naye kwa zamu.

Kuna jipya. Wazee wameomba familia itoe sadaka ya shukrani Jumapili ijayo, na dada asimame mbele aseme neno. Yeye hataki. Mama yetu anaona ni aibu asiposimama. Mnasemaje?

#31 Mzee_wa_Mtaa
Asimame, hata kwa sentensi moja. Hatushukuru kwa ajili ya kifo. Tunashukuru kwa miaka aliyopewa naye, na kwa watu waliobeba msiba. Nimeona wengi wakianza kupona siku hiyo, mbele ya madhabahu, na usharika mzima umesimama nyuma yao.

#32 Nesi_wa_Zamu
Asisimame. Familia itoe sadaka, mjomba aseme neno, yeye akae. Ataongea siku akiwa na neno la kusema.

#33 Ngaramtoni_Juu
Mzee #31 ana hoja, na nesi ana hoja. Akisimama, si lazima ashukuru. Asome Zaburi 88. Ile inaishia gizani kabisa, haina "lakini nitamsifu" mwishoni, na bado imo kwenye Biblia, inasomwa kanisani.

#34 Mtumishi_wa_Njoro
Zaburi 88 tena, kwenye ibada ya shukrani? Asome 34:18, BWANA yu karibu nao waliovunjika moyo. Hapo tutakubaliana sote, hata na binti wa Machame.

#35 binti_machame
Hapo tumekubaliana mtumishi. Ila achague mwenyewe.

#36 Kiusa_Mjini (mleta mada)
Nimempa simu, amesoma uzi wote kuanzia juu. Amesema #7 amemliza na #9 ndiye aliyeuliza anachouliza yeye. Jumapili atakaa kwenye benchi la kwaya na sare yake, lakini hataimba, na mama amekubali. Amenituma niwaombe jambo moja: mwenye maelezo ya zile siku mbili, tofauti na hesabu ya mwalimu, aendelee kuandika. Anasubiri kusoma.

#37 Kibosho_Road
Mwambie nami nasubiri. Mchungaji mmoja ameniahidi kuingia humu kesho baada ya ibada ya asubuhi.